Nilitumia namba ya simu kama primary key kwenye duka la kushona Busia, gauni la bi harusi likanitoa jasho

Wakuu, nawasalimu kutoka mpakani.

Kila wiki humu ndani anaingia mdogo wetu mmoja na swali lile lile: "Natengeneza database, primary key niweke nini? Jina? Email? Namba ya simu?" Wanakuja watu kumi kumjibu, na tisa kati yao wanaishia kutukanana. Mimi huwa napita kimya kimya.

Leo sipiti. Swali hilo liliwahi kuniweka kwenye benchi la fundi cherehani siku nzima nikifumua mishono kwa wembe, na yote nitakayosimulia ni kweli tupu. Labda nimepunguza makali kidogo kwenye maneno ya Mama Owor, kwa sababu mods wa humu nawajua.

Chukueni chai, mkae.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda. Sekondari nilisoma ng'ambo, Kenya, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha majirani zangu. Wakisoma hapa watanisuta, lakini ukweli usemwe.

Shangazi yangu, dada wa baba, ana duka la kushona hapa mjini. Sisi Wasamia shangazi tunamwita senge, kwa hiyo nitamwita Senge hadi mwisho wa uzi. Ana vyerehani vinne, mkataji mmoja anaitwa Ouma, na wateja wa pande zote mbili za mpaka. Gomesi, suti, sare za kwaya, yeye anashona tu.

Kabla sijaleta usomi wangu, Senge alikuwa na kaunta buku.

Mteja akija na kitambaa, Senge anampima na kuandika vipimo. Kisha anakata kipembe kidogo cha kile kitambaa, halafu anakikata tena katikati, mkato wa kupindapinda, huku anaongea na mtu mwingine kabisa. Nusu moja anaibana kwa stepla kwenye ukurasa wa vipimo vyako. Nusu ya pili unaondoka nayo. Siku ya kuchukua nguo unaleta nusu yako, naye anaziunganisha. Mikato ikikutana, nguo ni yako. Isipokutana, hata ulie, hutoki na kitu.

Mimi na degree yangu ya IT niliona aibu. Nikamwuliza, "Senge, hii ni karne gani?"

Akajibu bila kuinua macho, "Karne ya nguo kutopotea."

Nilimbembeleza mwezi mzima mpaka akakubali. Nikamtengenezea system kwenye laptop. Unaingiza namba ya simu ya mteja, jina linatokea, vipimo vinatokea, una-print karatasi unampa mkataji. Nguo ikiisha unabonyeza "tayari", mteja anapata SMS yenye jina lake na nguo yake. Nilijiona mtu wa maana sana mjini.

Primary key, yaani alama ya kumtambulisha kila mteja ndani ya system, nikaweka namba ya simu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kila mtu ana simu, na hakuna watu wawili wenye namba moja. Nani angenipinga?

Kisha nikaongeza ujanja. Mteja wa zamani akirudi, sikutaka system ikatae eti namba ipo tayari. Nikaandika hivi:

INSERT INTO wateja ... ON CONFLICT (simu) DO UPDATE SET vipimo = vipimo vipya

Kwa wasio wa fani: ukiingiza namba ambayo tayari imo, system haiulizi kitu. Inaacha jina lilivyo, inafuta vipimo vya zamani na kuweka vipya. Niliona ni akili kubwa, maana jina la mtu halinenepi ila kiuno kinanenepa.

Namba zenyewe tuliandika kienyeji, kuanzia 07, tarakimu kumi, bila code ya nchi.

Wa mpakani wenzangu mmeshaanza kucheka. Wengine subirini kidogo.

Sasa aingie Apio. Huyu ni binti wa Mulanda, kule Tororo, aliyekuwa akija Busia kuuza vitunguu, mcheshi, ana umbo la kujaa ambalo kwetu huku wazee hulishukuru kwa sauti. Alikuwa na introduction yake Jumamosi moja, yaani siku ambayo wakwe wanafika kwao rasmi kujitambulisha. Akaleta satini ya bluu iliyonunuliwa Kampala, kipande cha kutosha gauni lake na basi. Senge akampima kwa mkono wake, mimi nikaingiza kwenye system. Mambo yakawa shwari.

Baadaye Senge akaenda Dabani siku tatu kuvuna maharage yake. Duka likabaki kwa Ouma.

Siku hizo akaingia mwalimu mmoja kutoka upande wa Kenya, anaitwa Wandera. Ni mrefu, mwembamba, mtu ambaye akisimama pembeni ya mlango unaweza kudhani ni sehemu ya mlango. Alitaka suti ya kijivu. Ouma akampima, akaingiza namba yake, akaingiza vipimo. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha urefu, kwa hiyo Ouma akaweka urefu wa bega hadi kifundo cha mguu, na mambo ya koti na suruali akayaandika kwa chaki mezani. Suti ikashonwa vizuri tu.

Kisha Ouma aka-print karatasi ya Apio, akakata satini ya bluu.

Senge aliporudi Jumatano jioni, gauni lilikuwa limeshashonwa, limepigwa pasi, limefunikwa na nailoni, na system ilikuwa imeshabonyezwa "tayari".

Alhamisi asubuhi nikiwa dukani, akafika Mama Owor. Huyu ni shangazi wa Apio, mama wa makamo, sauti yake inafika kabla yake. Apio alikuwa amepata SMS ya gauni, lakini kwao binti hatembeitembei wiki ya introduction, ndipo akatumwa shangazi kulichukua.

Senge akalitoa. Mama Owor akalishika mabegani, akalinyanyua juu, akalitazama muda mrefu.

"Hii nguo ni ya nani?"

"Ya Apio," nikasema.

"Apio yetu?" Akaligeuza upande wa pili kana kwamba huko lingekuwa pana zaidi. "Apio yetu hapa naingiza mguu moja. Ule mwingine naenda wapi?"

Senge akachukua futi kamba akapima nyonga za lile gauni. Inchi thelathini na sita. Akapima urefu, na lilikuwa linazidi kama shubiri nzima, la kufagia uwanja. Hakupandisha sauti. Akasema tu, "Ouma, lete karatasi."

Karatasi ilisema Apio, nyonga thelathini na sita. Ouma alikuwa amekata sawasawa na karatasi, na mishono ilikuwa imenyooka kabisa.

Senge akamwuliza, "Uliona hii namba, ukakata?"

"Niliona, Mama. Nikasema labda amediet juu ya sherehe. Wasichana siku hizi nafanya hivyo."

Wakuu, mtu aliyediet akapungua inchi kumi na kuongezeka urefu. Lakini sikuwa na haki ya kumcheka Ouma. Karatasi ilikuwa yangu.

Nikatoa wazo langu la kwanza, na ndilo lililokuwa baya zaidi. Nikasema tumpigie Apio simu, mtu ampime kule nyumbani upya.

Mama Owor aliweka gauni chini polepole. "Ukipigia huyo mtoto leo, atalia mpaka Jumamosi. Macho navimba, wakwe nafika, wanauliza hapa nani amekufa. Hapana. Apio asijue. Nyinyi mumeharibu, nyinyi mutatengeneza, na kesho jioni nataka nguo."

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo: gauni halimtoshi mwenyewe, kitambaa kimeisha, sherehe ni keshokutwa, na vipimo vya kweli havipatikani kwa mwenyewe.

Nikakimbilia laptop. SELECT, namba ya Apio, ikarudi row moja tu, yaani mstari mmoja wa mteja, vipimo ni vile vile vya kiwendawazimu. Vya zamani vilikuwa vimefutwa. History sikuweka. Backup ilikuwa kwenye mipango ya mwezi ujao. Na chini ya jina lake kulikuwa na oda mbili: gauni la bluu, suti ya kijivu. Nikadhani Ouma kakosea kuandika.

Nikiwa bado nakodoa macho, mlangoni akatokea Mwalimu Wandera mwenyewe. Mama Owor alimwona kwanza. Akanyakua gauni, akapotelea nyuma ya pazia la kujaribia nguo kwa kasi ambayo sikuitegemea.

Sikuelewa. Nikadhani anamdai, au amekumbuka jambo.

"Nimekuja tu kuangalia suti yangu," Mwalimu akasema. "Naskia nyinyi hutuma SMS, lakini mimi sijapata."

Nikamwomba namba yake. Akaitaja. Nikaiandika, nikabonyeza, ikaja: Apio.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii namba inasema Apio."

Akatabasamu mpaka meno ya mwisho. "Hiyo ndiyo. Yake ni ya Uganda, yangu ni ya Kenya. Tarakimu ni zile zile. Nilizunguka kwa maajenti wiki tatu nikiitafuta."

Hapo nikakaa chini.

Nieleze kwa walio mbali. Namba ya Uganda ukiiandika kienyeji inaanza na 07 na ina tarakimu kumi. Ya Kenya vilevile. Kinachozitofautisha ni code ya nchi tu, ile ambayo mimi, mtoto wa mpakani niliyekua na laini mbili mfukoni, sikuiweka. Na kwetu huku kuna tabia ya namba pacha. Walianza wafanyabiashara: unatafuta laini ya upande wa pili yenye tarakimu zinazofanana na za laini yako, ili wateja wa nchi zote mbili wakariri namba moja. Wapenzi nao wakaidandia. Kijana wa Kenya akimpenda binti wa Uganda kwa dhati, anatafuta laini inayofanana na yake. Ni kama pete, ila inaingia kwenye simu.

Najua kuna mtu wa hesabu alikuwa anajiandaa kuniambia kwamba uwezekano wa watu wawili kugongana namba ni mdogo mno. Ni kweli, mkuu, kama watu wanapewa namba kwa bahati. Hawa hawakupewa kwa bahati. Primary key yangu ilivunjwa na mapenzi.

Kwa hiyo satini ya bi harusi ilikuwa imekatwa kwa vipimo vya bwana harusi. Na Mama Owor alijificha kwa sababu huyu ni mkwe mtarajiwa, na kwa heshima ya mkwe, kwao shangazi hakutani naye dukani akiwa ameshika gauni la binti lililoharibika.

"Uliona jina la Apio hukuuliza?" nikamnong'oneza Ouma.

"Nilifikiri laini ni ya bibi yake," Ouma akanijibu. Siku mbili mbele angekuwa sahihi kabisa.

Mwalimu akajaribu suti, ikamkaa vizuri mno. Akiwa anaondoka akatuinamia kwa siri. "Tafadhali, Apio asijue rangi ya suti. Nataka aione siku hiyo." Tukamwahidi.

Alipopotea, Mama Owor akatoka na gauni limemzunguka shingoni. Akanitazama kama mtu anayechagua fimbo.

Senge akainama chini ya cherehani yake, akasogeza mto anaokalia, akatoa kaunta buku.

Nilidhani buku lile lilishakufa miezi minne iliyopita. Lilikuwa limejaa. Kila mteja aliyempima mwenyewe, kurasa kwa kurasa, mpaka wiki ile ya kwenda Dabani. Akapekua mpaka kwenye kipembe cha satini ya bluu, akasoma: kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, nyonga arobaini na sita.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anaendelea kuandika.

"Ulikuwa na furaha sana na kompyuta yako," akasema. "Nani angekuharibia?"

Wakuu, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufelishwa mtihani hadharani. Hakuna kilichoniuma na kunipendeza kwa pamoja kama sentensi ile. Niliona haya hadi masikio yakawaka.

Vipimo vilipatikana, lakini kitambaa hakikuwepo. Inchi kumi za nyonga utazitoa wapi? Mabaki ya satini yalikuwa vipande vya kiganja tu, na ile ziada ya chini ilikuwa fupi mno kufika kutoka kwapani hadi gotini. Senge akakaa akilitazama gauni. Kisha akafungua gunia la vipande, maana yeye hatupi hata kipande cha kufutia miwani, akatoa mabaki ya suti ya Mwalimu. Kijivu, marefu, yaliyobaki kwenye suruali.

"Tunaweka huku na huku," akasema, akapitisha kidole pembeni ya gauni toka kwapani kwenda chini.

Mama Owor akaguna. "Kitambaa ya suti ya bwana, kwa gauni ya bibi? Watu watasema nini?"

"Watasema ni mtindo."

Nikapewa wembe. Kazi yangu siku ile nzima ilikuwa kufumua mishono ya Ouma, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa imara sana. Ouma alikaa mbele yangu akinitazama kwa huruma ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza si yeye mwenye kosa. Ijumaa alasiri gauni likaisha. Bluu katikati, kijivu pembeni, linapanuka kuelekea nyonga na kurudi. Ile ziada ya chini Senge akaigeuza mkanda.

Jumamosi Senge akanilazimisha twende wote Mulanda, sindano na uzi vikiwa kwenye mfuko wa shati langu, eti kwa tahadhari. Wageni wa Kenya walikuwa wameshaketi, Mwalimu yuko katikati yao na kijivu chake. Kisha Apio akatoka nyumbani, amezungukwa na dada zake.

Lilimkaa. Sina namna nyingine ya kulisema. Alivyotembea, zile mbavu za kijivu zilionekana na kupotea, na kila aliyetupa jicho kwa bwana harusi aliona zimetoka kitambaa kimoja. Akina mama wakapiga vigelegele. MC akasema vijana wa siku hizi wanapanga mambo kwa ufundi. Mimi nilikuwa nimeshika sindano mfukoni mpaka ikanichoma.

Mama Owor alipita na sinia la nyama. Hakunitazama, ila aliniwekea vipande vitatu ambapo wengine walipata viwili. Nikajua kesi imefutwa.

Wiki iliyofuata walikuja wasichana wanne wakitaka "ile style ya Apio". Senge akawapima, akakata vipembe, akaandika kwenye buku mbele yangu, bila kujificha tena.

Nami nikatengeneza system upya. Kila mteja sasa anapewa namba yake ya duka, inayozaliwa na system yenyewe, haihusiani na simu wala jina wala kijiji. Simu imekuwa taarifa ya kawaida tu, na inaandikwa na code ya nchi. Vipimo vya zamani havifutwi, vipya vinaongezwa chini vikiwa na tarehe. Na namba ya mteja inaandikwa kwenye buku la Senge, kando ya kipembe. Vitu viwili vinalindana.

Mdogo wangu unayeuliza kila wiki, jibu langu ni hili. Usimtambue mtu kwa kitu anachoweza kubadili, kuazima, kupoteza au kumpa mpenzi wake. Mpe alama yako mwenyewe isiyo na maana nyingine yoyote. Senge alikuwa anafanya hivyo kwa mkasi kabla mimi sijazaliwa, na hakuna mikato miwili inayofanana hata angetaka. Na query yako isifute kitu kimya kimya, ikuulize kwanza.

Ningeishia hapo, ila kuna jambo lilitokea baadaye.

Wiki tatu baada ya sherehe Apio alipita dukani kuleta kitambaa kingine. Senge alikuwa ametoka. Apio akaweka simu yake mezani, akanionyesha SMS ya Jumatano ile kabla ya introduction, imetoka kwenye system yangu:

"Habari Apio, suti yako ya kijivu iko tayari. Karibu."

Nilikuwa nimesahau. System ilituma kwa jina lililokuwepo, kwenye namba iliyokuwepo.

"Niliposoma nikajua," akasema. "Namba ni yetu wawili. Nikajua vipimo vimechanganyika, gauni yangu imepata shida."

"Na hukusema?"

"Niseme kwa nani? Ningeuliza shangazi, angelia mpaka Jumamosi." Akacheka, akarudisha simu kwenye mkoba. "Halafu nikaona ile kijivu pembeni ya nguo, nikanyamaza kabisa. Wewe usijisikie vibaya. Mashine yako ilituozesha kabla ya wazee."

Kisha akaniuliza kama bado tuko row moja. Nikamwambia hapana, nimeshawatenganisha, kila mtu na yake. Akafikiri kidogo, akasema sawa, ila kwenye buku la Senge vipembe vyao vikae ukurasa mmoja.

Vipo ukurasa mmoja. Nimevibana mwenyewe.

Haya wakuu, nipondeni taratibu. Ninyi kwenye system zenu mnamtambuaje mtu? Na kama kuna aliyeweka namba ya simu kuwa primary key, ajitokeze leo hii tumsaidie, kabla hajaozesha watu bila posa.